Hatua Mbili Kutoka Kwenye Sofa

Sinia lilikuwa la fedha halisi, zito, na Leontine Pettway alikuwa amelishika tangu saa moja asubuhi huku mafundi wakihangaika na taa. Hakuna aliyemwambia aliweke chini, naye alikuwa na miaka arobaini na sita, umri wa kutosha kujua kwamba mwigizaji anayecheza kijakazi haombi kupumzika.

"Leontine, mstari," alisema Bwana Halloran, mwongozaji wa filamu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

Akatazama chini. Mstari wa chaki ulikuwa umechorwa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye sofa alikokaa Bi Daphne Corliss, nyota wa filamu yenyewe. Ncha ya kiatu chake ilikuwa imeuvuka kidogo. Akarudi nyuma.

"Usinichukie mimi," alisema Halloran. "Ni wenye majumba ya sinema kule Kusini. Hawataki kuona mweusi anazungumza na mzungu kama mtu na mwenzake. Ukimsogelea mno, wakikukata wewe kwenye filamu watamkata na yeye. Hatua mbili, kila mtu anapata nafasi yake."

"Hata mkasi," alisema Leontine.

Mafundi wakacheka. Halloran naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Leontine zaidi.

Hollywood nzima iliujua utaratibu huo. Mweusi huingia kwa mlango mmoja, husema yake, hutoka kwa mlango uleule, na baada ya hapo hakuna anayemtaja. Filamu ikifika Georgia, huko Kusini, mtu anakata kipande, anaunga kwa gundi, na mtazamaji haoni pengo. Leontine alikuwa amecheza malkia kwenye majukwaa ya Harlem kwa miaka ishirini, watu wakisimama juu ya viti kumshangilia. Hapa alikuwa ameshacheza filamu saba. Huko Georgia hakuonekana hata katika moja.

Na Georgia, katika mji mdogo wa Harlow, ndiko alikokuwa mama yake. Mama Tempie hakuwahi kumwona bintiye akiigiza, maana kanisani kwao jukwaa lilihesabiwa nyumba ya shetani. Mwaka huu alikuwa ametuma barua. Macho yanaingia ukungu, aliandika, na daktari anasema ikifika Krismasi ataona mwanga tu. Atamwomba Mungu msamaha wa saa mbili. Anataka kuiona kazi ya mwanawe mara moja kabla ya giza.

Basi Leontine alikuwa amewaza wiki nzima, na asubuhi hiyo alikuja na hila yake.

"Bwana Halloran, ile barua ya marehemu kwenye filamu. Bi Daphne anaikuta tu mezani. Vipi ikitoka kwangu? Nimeificha miaka yote, leo namletea kwenye sinia."

Pasipo barua ile hakuna safari, hakuna harusi, hakuna hadithi. Wakaikate hiyo kama wanaweza.

Halloran alijikuna shingo. Bi Daphne akapiga makofi. "Ni nzuri sana hiyo! Nitalia vizuri zaidi."

Wakapiga picha. Kijakazi alimsimulia bibi yake juu ya mtoto aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanyoosha sinia lenye barua. Leontine hakupandisha sauti hata mara moja. Ilimbidi ainyooshe mikono yote ili asivuke chaki, na Bi Daphne ainuke kidogo kuipokea. Walipomaliza, seremala mmoja alikuwa anafuta pua kwa mkono wa shati.

Leontine alipofika kwenye ukumbi wa nje alikumbuka miwani yake, akarudi. Bi Daphne alikuwa peke yake kwenye sofa, kamera ikimpiga picha. Barua ileile ilikuwa mezani mbele yake. Akaichukua, akaifungua, akalia.

"Hiyo ya nini?" Leontine alimnong'oneza mama mwenye daftari la kumbukumbu za upigaji picha.

"Picha ya akiba tu, mpenzi. Wakubwa wanapenda akiba."

Leontine akachukua miwani yake, akaamini. Alitaka sana kuamini.

Oktoba filamu ilifika Harlow. Jumapili, baada ya ibada, Leontine alipiga simu nyumbani kwa mchungaji, ambako mama yake alikuwa akisubiri.

"Mama, ulikwenda?"

"Nilikwenda jana, mwanangu. Tulikuwa kumi na wanne! Nilivaa kofia ya Pasaka. Zile ngazi za nyuma za sisi weusi zina giza, Dada Eula wa kwaya alinishika mkono mpaka juu."

"Ukaniona?"

Mama Tempie akamwita kwa jina la utotoni. "Tina, usinikasirikie."

"Sikasiriki, mama."

"Nilisinzia. Sijui usingizi ulitoka wapi. Nilimwona yule mzungu kwenye kochi, akachukua barua mezani, akalia. Nikasema, sasa Tina anaingia. Mara naona harusi, mara taa zimewaka. Mzee mjinga mimi."

"Na wenzako?"

"Eula anasema yeye hakulala na hakukuona. Anasema huko unawafulia wazungu nguo, barua zako zote uongo. Wakanicheka njia nzima. Nikawaambia mwanangu haongopi, mimi ndiye niliyelala." Sauti yake ikashuka. "Niambie kweli, Tina. Nililala?"

Leontine aliegemea ukuta. Ukweli ulikuwa mdomoni tayari. Lakini angeusema vipi? Kwamba bintiye Mama Tempie anaweza kuondolewa kwenye filamu, na kila kitu kikaendelea kama hakuwahi kuwepo? Alijawa na aibu, kana kwamba mkasi ulikuwa mkononi mwake mwenyewe.

"Ulilala, mama. Ulikuwa umechoka."

"Nilijua mimi!" Mama Tempie alicheka kwa furaha. "Basi sikiliza. Inaonyeshwa mpaka kesho. Saa kumi hiyo kesho narudi, peke yangu. Nachukua pini ya kofia. Usingizi ukija tu, najichoma paja. Safari hii hunipiti!"

"Mama, usiende. Zile ngazi..."

"Kafanye kazi yako, mwanangu. Mke wa mchungaji anataka simu yake."

Jumatatu ilikuwa filamu nyingine, sofa nyingine, sinia lilelile. Halloran alikuja na chaki mkononi, akakuta Leontine ameshasimama. Sakafu ilikuwa tupu, bila mstari wowote, naye alikuwa hatua mbili kamili kutoka kwenye sofa.

"Mnaona?" Halloran aliwaambia mafundi. "Huyu hata hafundishwi." Akainama, akachora mstari kwenye ncha za viatu vya Leontine.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba mchana. Georgia ilikuwa saa kumi. Huko taa zilikuwa zinazimwa, na Mama Tempie alikuwa juu kwenye roshani, macho yake mabovu ameyakodoa, pini mkononi.

"Tabasamu, Leontine," alisema Halloran.

Leontine akatabasamu.