Koti la Mwongoza Kwaya

Wajukuu wa siku hizi wana sherehe yao ambayo mimi Constance, na mvi zangu zote hizi, sikuwahi kuisikia. Wanachagua mtu wa katuni wanayempenda, wanatengeneza mavazi yake na silaha zake, halafu wanakutana ukumbini kuonyeshana na kushindana. Wanaiita kosplei. Mjukuu wangu Ornella alinieleza habari hizo jikoni kwangu, huku akipasha vipande vya madumu ya manjano juu ya mbabula yangu ili vilainike na kukunjika. Moshi wa plastiki ulinikaba koo, makaa yangu yakaisha, na bado sikumfukuza. Nilitaka kuona kitatoka nini.

Lilitoka vazi la vita. Mabega, kifua na kofia vilipakwa rangi ya fedha, na hata mimi niliyeyaona madumu yakikatwa sikuweza tena kuonyesha mshikio ulikuwa wapi. Miguuni alivaa buti za mvua za marehemu babu yake. Alikuwa Malkia wa Chuma, wa hadithi ya picha ambayo vijana wa hapa Bukavu wanaichora wenyewe. Malkia huyo alifukuzwa kwao, na anazunguka nchi nzima bila mtu wa kumpokea. Nilimuuliza Ornella kwa nini amechagua mtu mwenye huzuni hivyo. Akanijibu kwamba hata hivyo anatembea kichwa juu.

Shida ilikuwa baba yake. Mwanangu Benoît anaongoza kwaya ya parokia, na tangu apewe kazi hiyo utadhani ameachiwa funguo za mbinguni. Alisema vinyago vinaita pepo, alisema waumini watatucheka, na alisema vazi lile litaishia motoni. Ornella alilia siku nzima. Mimi sipendi kusikia mtoto akilia kwa kitu kizuri alichokitengeneza mwenyewe, basi nilimwita Benoît nikamwambia hawezi kuchoma asichokiona. Aje kwanza, atazame. Alikubali shingo upande, akaapa kwamba mtu mmoja tu akimcheka binti yake, vazi litachomwa jioni ileile na mambo ya kosplei yatakuwa yamekwisha nyumbani kwake. Benoît akiapa, haapi bure. Hilo alilirithi kwangu.

Jumamosi tukaenda. Ukumbi uko juu kidogo ya soko la Nyawera, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, matope hadi mlangoni. Benoît alifika kwa pikipiki, koti lake la kijivu amelikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga. Koti hilo ni la kuongozea kwaya. Haliazimwi, halikaliwi, na hata mkewe haruhusiwi kulipiga pasi. Alilivaa pale mlangoni, akafunga vifungo vyote, akaenda kukaa mstari wa mbele, karibu na meza ya waamuzi, mikono kifuani.

Mimi nilifurahi, sifichi. Kijana mwenye mabawa alinipisha kiti, na msichana mwenye nywele za buluu akaniita koko kana kwamba mimi ni bibi yake, akaniletea soda. Wengine niliona wamejitahidi, wengine hapana. Mmoja upanga wake ulijikunja kabla hajafika katikati. Lakini nilikuwa namngoja wa kwangu.

Charlène, msichana aliyeshika maikrofoni, akaita jina lake. Ornella akatokea mlangoni, kutoka kwenye matope. Alikuwa mrefu kuliko anavyokuwa nyumbani. Mtu aliyeketi nyuma yangu akauliza polepole huyu ni mtoto wa nani, na hapo moyo wangu ukajaa, nikashindwa kujizuia.

Kwetu, msichana akiolewa, au akipata diploma, au kijana akirudi na upadri wake mpya, mama zake hawamwachi akanyage chini. Tunafungua vikwembe tulivyojifunga, tunavitandika njiani, anapita juu yake. Nilikuwa nimejifunga viwili, kama mwanamke anayejiheshimu. Nikafungua cha juu, nikaingia katikati, nikakitandika mbele ya zile buti, nikapiga vigelegele mpaka meno ya bandia yakacheza.

Nilipiga peke yangu.

Charlène alinijia kwa adabu, maikrofoni ameishusha. “Koko, utusamehe,” akasema. “Hapa kila mutu anatembea yeye moja, bila musaada. Tosha kikwembe hapo chini, ataanza tena. Kama anapita yulu yake, anatoka mu concours.”

Waamuzi wakatikisa vichwa kukubali. Na kule nyuma, mtu akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini niliona shingo ya Benoît ikigeuka, nikajua amekisikia. Vazi la mjukuu wangu nimelitia moto kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini kukiokota sikuweza. Kwetu, kukitandika kikwembe na kukiokota kabla mtu hajapita ni kumwambia kwamba umemtazama vizuri ukaona hastahili. Nikamnong'oneza Ornella azunguke, pembeni kulikuwa na nafasi ya kutosha, hakuna atakayemlaumu.

Akavua kofia yake ili nimwone uso.

“Hapana, koko. Nitapita pale ulitandika.”

Akapita. Taratibu, kichwa juu, akiacha matope juu ya maua ya kikwembe changu cha sikukuu, na nilikuwa na fahari mpaka machozi yakanitoka. Lakini kikwembe kimoja hakifiki mbali. Hatua chache kikaisha, na mbele yake ikabaki sakafu tupu hadi kwenye meza. Akasimama ukingoni. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na hakuna mama mwingine aliyenyanyuka.

Ndipo nikasikia kiti kikikwaruza. Benoît alikuwa amesimama, anafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nilidhani anataka kumfunika binti yake amtoe nje. Akalivua, akalikung'uta, akainama, akalitandaza chini mahali kikwembe changu kilipoishia, mgongo wa koti ukiwa juu.

“Pita, mama,” akamwambia binti yake.

Ornella akakanyaga koti lile kwa buti za babu yake. Sasa vigelegele havikuwa vyangu peke yangu.

Ushindi alipewa mwingine, sikumbuki hata alivaa nini. Jioni nililiomba koti nilifue, Benoît akakataa. Nilidhani ana hasira, nikamwacha.

Jumapili akalivaa kwenda misa. Mwongoza kwaya anawapa watu mgongo, hivyo parokia nzima iliimba Utukufu ikitazama alama ya buti katikati ya koti la kijivu, udongo umeshakauka. Baada ya misa mama mmoja alimfuata akamnong'oneza kwamba ana matope mgongoni.

“Najua,” akasema Benoît. “Ni mutoto yangu alipitaka hapo.”