Kikombe Kilichojaa

Watu wananiita Kituko. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuanguka kwenye matope, kukimbizwa na mbwa na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, watu wavunjike mbavu. Muongozaji wa filamu aliponipa nafasi ya baba aliyekimbiwa na mkewe, mke wangu mwenyewe aliniuliza, "Wewe? Na uso huo?"

Tulipigia picha kwenye chumba kidogo. Madirisha yalizibwa kwa mbao jua lisiingie, mlango ukafungwa kwa sababu ya kelele za barabarani, na taa zinachoma. Hakuna kutoka mpaka kipande kiishe. Na hakikuisha.

Binti aliyeigiza mwanangu alisimama karibu na jiko akasema, "Baba, mama hatarudi." Nikapiga magoti, nikajishika kichwa, nikaangua kilio. Fundi taa akajiziba mdomo, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Kata," akasema muongozaji.

Nikarudia. Fundi akacheka tena. Safari hii hata yule binti kicheko kikamponyoka puani.

"Samahani, baba. Ukilia tu, namkumbuka yule mbwa anayekukimbiza."

Nyuma ya kamera alikaa mwigizaji mwingine, ameshavaa shati kama langu.

"Kaka, mara moja tu," muongozaji akaniambia. "Ukishindwa, anaingia yeye."

Akajaza kikombe chai ya moto mpaka ukingoni.

"Kitoe hapa, kakiweke mezani. Kisimwagike hata tone."

"Na kulia je?"

"Ukimwaga, umetoka."

Nikakishika. Kikaniunguza vidole.

"Baba, mama hatarudi."

Magoti yalitaka kwenda chini kama yalivyozoea. Nikayakatalia. Kilio kikapanda mpaka kooni, kikakwama hapo, maana nikifungua mdomo tu, mkono utatikisika. Nikatembea, macho kwenye chai. Meza ilikuwa pale pale lakini nilikuwa siifikii. Nilipoifikia nikatua kikombe. Kiti cha mama wa kwenye filamu kilikuwa kimevutwa nje. Nikakirudisha chini ya meza taratibu, kisigonge. Halafu nikamuuliza binti kitu ambacho sikuambiwa nikiseme.

"Umekula?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka.

Hakuna aliyesema kata. Nikabaki nimeshika mgongo wa kile kiti, sijui niende wapi. Nikasubiri kicheko cha fundi taa. Hakikuja. Alikuwa anatazama sakafu.

"Kata."

Yule mwigizaji wa akiba akaanza kufungua vifungo vya shati. Nikavuta pumzi, nikageukia mlango nikidhani sasa utafunguliwa.

"Hivyo hivyo, kaka," akasema muongozaji. "Tunarudia. Kamera isogee karibu na uso."

Fundi taa akamwaga chai iliyopoa, akakijaza kikombe upya. Akaniletea yeye mwenyewe, akitembea polepole, bila kunitazama usoni.