Breki za Bi Harusi

Tangu asubuhi Mama Pacha hakutulia mahali pamoja. Dada yake mkubwa alikuwa njiani anarudi baada ya miaka kumi na mmoja, na basi lake lingeingia stendi saa tisa alasiri. Nani angekwenda kumpokea? Mama Pacha mwenyewe, kwa gari, usukani mkononi. Leseni alikuwa nayo wiki ya tatu sasa, baada ya kuanguka mtihani mara mbili, na habari hiyo alikuwa amemficha dada makusudi ili amshangaze. Jana kwenye simu uvumilivu ulimshinda, akamwaga mchele wote.

"Wewe? Uendeshe gari?" Dada alicheka mpaka akapaliwa. "Mdogo wangu, unataka kuniua na umri huu? Mimi nitachukua teksi."

"Ukija na teksi, mlango sikufungulii."

"Haya. Nitangoja hadi saa tisa na nusu. Nisipokuona, napanda teksi, na ukoo mzima nitausimulia."

Ahadi ni deni, na anayemdai Mama Pacha alikuwa mtu wa kusimulia kweli. Tatizo lilikuwa gari. Walilirithi kwa baba mkwe, na nyumbani waliliita Bi Harusi kwa sababu halikuwahi kutoka nje bila kusubiriwa. Wiki iliyopita lilianza kuvuta upande likifungwa breki. Mumewe, Baba Pacha, akajipiga kifua kwamba kazi hiyo ataimaliza mwenyewe uani. Alifungua kalipa mbili za mbele, vile vyuma vizito vinavyobana diski za magurudumu, akazisafisha, akazitia mipira mipya, akazirudisha. Kuvuta upande kukaisha. Lakini sasa ukikanyaga breki, pedali ilizama taratibu hadi karibu na sakafu, kana kwamba umekanyaga mto wa usufi.

Tuseme ukweli, Baba Pacha hakuwa fundi wa magari. Alikuwa kinyozi, tena kinyozi hodari, miaka ishirini na sita mbele ya kioo, na watu walivuka mitaa mitatu kuja kunyolewa naye. Sifa zikizidi, mtu huanza kuamini kwamba mkono unaoshika wembe unaweza kushika chochote.

"Ukiipampu mara tatu inapanda," alisema, akijifuta mikono kwenye taulo la saluni. "Wewe nenda nayo hivyohivyo, polepole."

"Baba Pacha, mtoto akikatiza barabara nimwambie asubiri nipampu mara tatu?"

Mume akaenda kutafuta jeki.

Saa tano wakaanza upya. Walilipandisha gari kwa jeki, wakalikalisha juu ya vigogo imara, wakatoa magurudumu. Mama Pacha, ambaye riziki yake ilikuwa cherehani na macho yake yalizoea kutafuta uzi uliolegea, alipita kila sehemu kwa tochi ya simu. Alipapasa mabomba, akachungulia nyuma ya magurudumu, akainua zulia chini ya pedali. Kote kukavu. Kichupa cha mafuta ya breki kilijaa mpaka kwenye mstari wake.

"Havuji popote, huyu Bi Harusi," alisema. "Na pedali inapanda ukiipampu. Basi ndani mna upepo."

"Upepo nilishautoa juzi!"

"Tutoe tena."

Kazi ya kutoa upepo inataka watu wawili wanaosikilizana, na ndoa nyingi zimepimwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Mke alikaa kwenye usukani, mume akalala chini na spana, mpira mwembamba ukitoka kwenye nati ya kutolea upepo na kuzama katika chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapohapo! Nafungua... nafunga... Achia!"

"Nimeachia!"

Walikwenda hivyo gurudumu hadi gurudumu, wakianza na lililo mbali zaidi na kichupa, huku wakiongeza mafuta kila yalipopungua. Katika chupa hakikuonekana kiputo hata kimoja, mafuta yalitoka safi. Mama Pacha akakanyaga kwa matumaini yote aliyokuwa nayo. Pedali ikazama kama mwanzo.

Wakarudia tena. Ikazama. Saa saba na robo ikafika.

"Labda pampu kubwa ya breki imekufa," alisema mume, na sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. "Ikiwa ni hiyo, leo haiwezekani. Mpigie dada, mwambie achukue teksi."

Mama Pacha alihisi machozi ya hasira yakimpanda. Shida yake haikuwa teksi. Maisha yake yote aliambiwa na watu wanaompenda kwamba jambo fulani yeye haliwezi, na kila mara aliwakubalia kwa sababu walicheka kwa upendo. Safari hii alikuwa amelala na kitabu cha alama za barabarani kifuani. Simu alikuwa nayo mkononi, jina la dada limeshatokea, na kidole hakikutaka kubonyeza.

Akashuka garini ili asionekane uso. Akachutama mbele ya gurudumu la kushoto, akajifanya anakagua. Na kwa kuwa macho ya mshonaji hayajui kujifanya, yakaanza kukagua kweli.

"Baba Pacha. Hii nati ya upepo mbona imetazama chini?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na upepo ndani ya mafuta unakwenda wapi?"

"Unapanda juu."

Wakatazamana. Mama Pacha akaruka kwenda upande wa pili. Nati ya huko nayo ilikuwa chini kabisa ya kalipa. Akarudi mbio, karibu amkanyage mumewe.

"Mlango umeuweka sakafuni na mwizi yuko darini! Tungekanyaga mpaka kesho! Umezibadilisha kalipa hizi, ya kushoto iko kulia. Mimi nikishona mkono wa kulia upande wa kushoto, shati linakaa hivihivi, kila kitu kipo na hakuna kinachofaa!"

"Haiwezekani. Niliziwekea alama kwa chaki. Nilisimama hapa..." Alikwenda kusimama mbele ya boneti, akitazamana na gari jinsi anavyotazamana na kioo chake kila siku, akanyoosha mkono wa kushoto. "Hii nikaandika kushoto. Hii kulia. Halafu kufunga nikafuata kitabu cha gari..."

Akaishia hapo. Kitabu huhesabu kushoto na kulia kwa mtu aliyekaa kwenye usukani. Yeye alikuwa amelihesabu gari kama kichwa kilicho kwenye kioo.

"Kinyozi wewe!" Mama Pacha alicheka mpaka akashika boneti. "Umelitafuta gari kwenye kioo!"

"Cheka, cheka tu. Akili ni nywele, na leo mimi nimenyoa zangu zote. Nipe spana!"

Hapo sasa kazi ilikwenda kwa fujo na furaha. Kalipa zilishuka, zikavuka uani, zikapanda upande wake wa haki, nati juu. Mafuta yalimwagikia viatu, mume akajigonga goti, hakuna aliyejali.

"Kanyaga! Shikilia!"

Na chupa ikachemka. Viputo vilitoka kwa makundi, vikubwa kwa vidogo, na Baba Pacha akapiga kelele kule chini kama shabiki aliyeona bao. Walipita magurudumu yote hadi viputo vilipokwisha. Mama Pacha akakanyaga mara ya mwisho. Pedali ilishuka kidogo, ikagoma. Akasimama juu yake kwa uzito wake wote. Ikagoma. Alipiga kigelegele peke yake ndani ya gari.

Wakafunga magurudumu. Alilijaribu gari kichochoroni, mwendo wa mtu anayetembea, kisha haraka kidogo, breki, tena breki. Lilisimama pale alipotaka, wala halikuvuta upande. Saa tisa kasoro dakika kumi akaondoka, mumewe kiti cha nyuma, amebeba spana asiyokuwa na haja nayo.

Stendi alifika saa tisa na dakika ishirini na tisa. Dada alikuwa kando ya barabara, mkono umeshainuka kuita teksi. Mama Pacha akawasha taa ya pembeni, akalisogeza gari, akalisimamisha mlango ukiwa sawasawa na dada, bila kumrusha hata vumbi.

Dada alitazama usukani, akatazama uso, akatazama tena usukani. Mkono wake ulibaki hewani. Mabegi aliyachukua shemeji yake, na yeye akapanda mbele, akafunga mkanda. Walipita taa mbili. Alikuwa akiitazama miguu ya mdogo wake: ikikanyaga, ikiachia.

"Ulianza kujifunza ukiwa na miaka mingapi?" aliuliza mwishowe.

"Hamsini na mbili, dada."

Dada akageukia dirishani, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu taratibu, ukiachia.

"Mimi nina sitini tu," alisema.