Mjomba Aliyeimbiwa Yoba

Kwa watu wa Mwakiro, mkoani Muyinga nchini Burundi, mgeni hasemi kilichomleta kabla hajapewa kinywaji. Anakaa, anauliza habari za mvua, anauliza mbuzi wamezaa wangapi, anapokea kikombe, anakunywa. Ndipo anakohoa na kusema shida yake. Simoni aliishika adabu hiyo hata kambini Tanzania, alikokulia, ambako kinywaji chenyewe mara nyingi kilikuwa maji ya bomba na pole.

Ndiyo iliyomponza Yoba, mtaa wa mji wa Gitega.

Alitoka Muyinga alfajiri amevaa koti la kuazima, akaingia Gitega na shida moja tu: kumchukua Klara, mtoto wa marehemu dada yake Josefina. Vita vilipowakimbiza wengine Tanzania, Josefina alibaki huku, akafa, na mtoto akalelewa na kituo cha yatima cha kanisa. Salima, muuza vitenge wa Muyinga, ndiye aliyeleta habari kutoka Gitega: "Kaka Simoni, nimemwona Josefina mzima, ila amepunguzwa urefu!" Bibi wa mtoto kusikia hivyo, akakataa kufa mpaka amwone mjukuu, na kwa hali yake, kukataa huko kulikuwa kazi ya kutwa.

Getini Simoni alimkuta mama mnene mwenye miwani. Kirundi alikijua, cha maziwa ya mama kabisa, lakini kambini alijifunza kwamba watu wenye geti huongeleshwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

Mama huyo alikuwa Emiliana, msimamizi wa kituo, na tangu asubuhi alikuwa akimsubiri mchungaji mfadhili kutoka Tanzania. Koti hilo hapo. Shikamoo hiyo hapo. Angetaka ushahidi gani tena?

"Karibu, Mchungaji! Safari iko muzuri? Watoto iko tayari!"

"Asante, mama, lakini mimi..."

"Keti kwanza. Bon. Soda iko nakuja."

Basi, kama soda ilikuwa inakuja, Simoni angesemaje? Akafunga mdomo. Ila kabla ya soda zilikuja nyimbo. Watoto walimwimbia, wakampigia makofi, wakamshukuru kwa magodoro ambayo angewaletea. Simoni aliitikia kwa kichwa, jasho likimtiririka ndani ya koti la watu, macho yake mlangoni kwa soda.

"Na sasa," akatangaza Emiliana, "Klara!"

Simoni alishtuka. Msichana wa miaka kama kumi na minne alijitokeza, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameuelekeza mbinguni, akaanza:

"Mimi ni jani la mgomba lililochanwa na upepo! Sina baba, sina mama, sina shangazi, sina mjomba..."

Wenzake walipiga miayo. Walijua kwamba kwenye "mjomba" wageni hutoa leso; Klara aliwahi kumliza hata dereva. Lakini mgeni wa leo alicheka. Akajaribu kukohoa, kicheko kikapitia puani.

Klara akakatiza shairi. "Mchungaji iko nacheka nini?"

Hapo Simoni akasema kwa koo kavu: "Mimi si mchungaji. Mimi ni mkulima wa Mwakiro. Na mjomba unaye, mwanangu. Josefina alikuwa dada yangu."

Mpishi ndipo akaingia na soda. Emiliana aliitazama kama mtu anayetaka kuirudisha jikoni.

"Mbona hukusema?"

"Soda ilikuwa haijafika, mama."

Klara hakumkimbilia. Alimzunguka polepole kama mtu anayenunua mbuzi.

"Miaka yote we ulikuwa wapi?"

"Tanzania. Tulidhani mmekufa wote wawili."

"Sasa unafika, unacheka yatima."

"Nilimcheka Josefina. Mkono huo kiunoni ni wake. Akiuweka hapo, tulijua uongo unakuja."

Klara alipigana na tabasamu, akashindwa. "Nyumbani iko nani?"

"Bibi yako. Mgonjwa, lakini ulimi mzima."

Honi ikalia getini. Mchungaji wa kweli! Emiliana akamvuta Simoni pembeni.

"Mjomba, nakuomba. We kaa jikoni, maharage iko. Mtoto aseme shairi mara moja ya mwisho, kisha mnaenda. Hakuna mwingine anaweza kuliza watu, na hawa wadogo wanalala chini."

Hakusema uongo, na ndiye aliyemlea mtoto. Zaidi ya hayo, Simoni alikuwa ameshapiga mafunda mawili ya soda. Mtu aliyekunywa cha mwenyeji atakataaje? Miguu yake ikaanza kuelekea jikoni.

"Marume," Klara akaita. Ndivyo mjomba anavyoitwa kwa Kirundi, na hakuwahi kumwita mtu hivyo. "Ukijificha, mi narudia kuwa sina mtu. Na safari hii we ndiyo utakuwa umekubali."

Simoni akasimama. Akamrudishia Emiliana chupa kwa mikono miwili.

"Mama, kwa kumlea, asante mpaka kaburini. Lakini hilo, hapana."

Akarudi kukaa kwenye kiti cha mgeni. Klara akaenda kusimama kando yake. Mchungaji akaingia, akakuta kiti chake kimekaliwa.

"Na huyu ndugu ni nani?"

Emiliana akaificha chupa nyuma yake.

"Huyu wa kwangu," alisema Klara.