Mama Aende kwa Nani

...na huyu naye, mnene, mwekundu, laini kama jipu lililoiva, khaa, Agata akamminya juu ya jani la kiazi kabla hajakumbuka kwamba hapa wadudu hawaminywi, wanatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni kwa sababu shamba hili halipigi dawa, ute wa rangi ya chungwa ukamrukia kidole gumba, akaupangusa kwenye kitenge, mate yakamjaa mdomoni, kinyaa kitupu asubuhi yote, tuta baada ya tuta, na kwenye simu aliyoichomeka ndani ya kilemba, Zabroni, shemeji yake wa Columbus, bado anahubiri, mama ni baraka, mama ni mzizi wa ukoo, ukimsikia utadhani anawasha gari leo hii kumfuata Buffalo, kumbe anazunguka mlemle, apatimenti yao ya Reynoldsburg ni ndogo, watoto wamekua, mke wake anachoka na kazi... kazi gani, si ya kutunza wazee, kutwa anawabadilisha pampasi wazee wa watu na kuwaita bibi kwa sauti ya asali, lakini wa kwao, aliyemzaa mume wake, huyo ndiye anamchosha, mfyuu, wanafiki wakubwa, na Sylveri naye, kitinda mimba, yumo kwenye simu hiyohiyo, ambaye mama amekaa kwake Buffalo tangu walipofika Marekani, leo amepata sauti, anasema amebeba vya kutosha, mama siku hizi anajisahau, anajichafulia kwenye kochi, watoto wanaziba pua na kusema kwa Kiingereza nyumba inanuka, kwa hiyo leo iamuliwe, ama Columbus wamchukue, ama Louisville kwa akina Agata, ama apelekwe nyumba ya wazee, ipo moja, safi, ina wauguzi... safi, anasema, kama mtu anayetafuta pa kutupa kitu, na Jovini, mume wake Agata, mtoto wa kwanza, mwenye mama hasa, amerudi kutoka nait, kazi ya usiku, kule Jeffersontown, akamwambia mlangoni, ongea nao wewe, wewe unawaweza ndugu zangu, akajifunika blanketi gubigubi, mwanamume mzima, na huyu hapa mdudu mwingine, wawili, wamepandana, ptuu, ndani ya ndoo, waogelee.

Kwenye tuta la pili mwenye shamba anang'oa figili, anampungia mkono, haraka Agata, jioni wanachama wanakuja kuchukua masanduku yao, wale waliolipia mboga kabla theluji haijayeyuka, na juzi mmoja alirudisha fungu la sukuma wiki kwa sababu lina tundu, tundu moja tu la kiwavi, akalishika kwa ncha za vidole, hawataki dawa, hawataki mdudu, sasa mdudu aende wapi, na upepo ukageuka ukaleta harufu ya saladi zilizoharibika kwa joto hili la Juni, zimetupwa kwenye lundo la mbolea zinachuruzika maji meusi, harufu tamu, ya tumboni, na hapohapo akawa kule kambi ya wakimbizi, juu ya mkeka, mwaka ule wa kipindupindu, anatapika, anaharisha, hata Jovini alisimama nje ya hema, ni mama mkwe aliyeingia, akamvua, akamwosha mapaja, mgongo, kila kitu, kwa maji ya kupangia foleni, hakugeuza uso, wala hakuharakisha, akawa anamsimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula sabuni... na hawa wanajua nini, wana wa tumbo lake, wanatupiana mpira, aibu hawana, angekuwa yeye... 

"Shemeji," Zabroni akasema, "na ninyi Louisville mnasemaje?"

Na Agata, aliyekuwa anawahukumu tangu tuta la kwanza, akaliona kochi lake, jipya, la rangi ya maziwa, plastiki yake bado haijatolewa, akaziona shuka, ndoo, usiku, mikono yake, akasema, "Jovini amelala. Akiamka nitamwuliza," na hapo mtu akakohoa, kikohozi kikavu, cha karibu, siyo cha Sylveri, Agata akauliza mama yuko hapo, Sylveri akasema yuko, amekaa nami, simu iko kwenye spika, lakini hasikii vizuri.

"Nasikia," mama mkwe akasema.

Akakohoa tena, akaendelea.

"Nipelekeni huko kwa Wazungu. Wale sikuwalea mimi. Wakiziba pua haitaniuma."

...na kitu kikashuka kifuani mwa Agata, chepesi, kitamu, afadhali, amesema mwenyewe, kochi limepona, akavuta pumzi mpaka mwisho, na pumzi hiyo ndiyo aliyoisikia, akaijua ni yake, Mungu wangu, mimi huyu, mimi niliyeoshwa, akamtafuta Zabroni moyoni amchukie, akamtafuta mke wa Zabroni, hakuwapata, alijikuta yeye tu, kinyaa kimempanda mpaka kooni na hakuna wa kumtemea, sema, mwambie njoo kwangu mama, sema sasa, ulimi ukalala, na Zabroni, sauti nyepesi, karibu acheke, akasema basi mama mwenyewe ameamua, tumshukuru Mungu kwa umoja wa familia, tufumbe macho, akaomba, akaomba kwa kirefu, akambariki mama, akawabariki wauguzi, na Agata akiwa ameinama palepale kwenye tuta lilelile, macho wazi, mdudu anatambaa mkononi na hamtoi, akasikia kinywa chake kinasema "Amina", tena kwa sauti kuliko wote.