Wimbo wa Ng'ombe

Ijumaa jioni, kama kawaida, Nashipai aliweka redio juu ya kigoda, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake mwekundu, kibuyu mkononi, akaisubiri sauti yake.

Sauti ya kuimbia iliondoka mwaka sabini na nane. Watu wa redio walifika Endulen na gari lao, wakamrekodi akikamua, na walipokunja utepe ikaenda nao. Ya kuongea ilibaki. Majirani walimpa pole, wakasema afadhali hawakuchukua na meno. Taabu ni kwamba ng'ombe yule hashushi maziwa bila wimbo, na wimbo ulipigwa Ijumaa tu. Nashipai alikuwa na mjukuu mchanga asiye na mama. Siku nyingine mtoto alinyweshwa uji mwepesi, akalia mpaka akachoka.

Jioni hiyo, kabla ya wimbo, alitokea Eliamani, karani kutoka Karatu, anakagua leseni za redio. Nashipai hakuwa nayo. Alimuuliza alipie nini, na sauti ni yake mwenyewe? Eliamani, vumbi hadi kwenye kope, alisema hilo analijua, lakini jalada linasema vingine. Siku ya kurekodi Nashipai aliulizwa wimbo ni wa nani, akajibu kama ambavyo yeyote wa kwao angejibu: wa ng'ombe. Si ndiye aliyesifiwa humo? Basi wakaandika: Mwenye wimbo, Ng'ombe.

"Na ng'ombe hana anwani, mama," alisema Eliamani. "Kwa hiyo wimbo ni wa ofisi."

Akaichukua redio.

Ijumaa iliyofuata wimbo ulipopigwa, maziwa yalitoka kwenye spika ya redio ile, stoo kwao Karatu. Eliamani alikinga karai, akaandika daftarini: maziwa, hayana mwenyewe. Habari zikamfikia Nashipai, akadandia lori la mahindi na kibuyu chake.

Ofisini hakuna aliyembishia. Eliamani alitoa fomu, akauliza maziwa ni ya nani.

"Yangu," alisema Nashipai. Safari hii alikuwa amejifunza.

Eliamani aliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri, kisha akaomba leseni ya redio, maana maziwa ya redio hupewa mwenye leseni. Na leseni hupewa mwenye redio.

Nashipai alichoka hata kugomba. Wakamkaribisha chai ya maziwa. Alionja, akamtambua yule mwekundu. Akakimimina kikombe chote kwenye kibuyu, akashukuru, akatoka kutafuta lori la kurudi.