Kichupa cha Manemane

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, Hafswa alitoka edani bila ya kuhisi lolote. Si huzuni, si nafuu. Aliogeshwa, akavishwa leso mpya, akala pilau ya watu kama anayetafuna karatasi. Muda wote huo hakujitia manukato, maana mwenye eda hajipambi, na kichupa cha marehemu mumewe, Mahadhi, kilikaa juu ya kabati hapo kwao Malindi. Mahadhi alikuwa akichanganya marashi ya maharusi, lakini haya ya manemane alijipaka mwenyewe, na yalibaki kimo cha ukucha. Hafswa alikuwa na tamaa moja tu: akiyanusa, huenda akamlilia.

Basi mavyaake, Bi Raihana, mama wa Mahadhi, akataka kumfanyia hisani. Aliona mafuta yameganda, akakitia kichupa kwenye sufuria ya maji, akaiinjika jikoni, akaenda kupokea wageni. Na wageni wenyewe, mashallah, maneno hayawaishi! Aliporudi maji yalikuwa yamekauka na mafuta yanatokota.

Hafswa akajipaka tone, akanusa. Harufu ilikuwa nzuri, ila ya mtu mwingine.

"Nimeharibu, mwanangu?" akauliza Bi Raihana. "Mimi pua yangu ilikufa zamani kwa moshi wa udi."

"Sijui, mama. Labda ni mimi."

Aliporudi kazini, kwenye maabara huko Kilifi, baada ya kumwahidi Bi Raihana kwamba atayapima mafuta, alilitia tone moja kwenye mashine ya sumaku, ile inayoonyesha kila kaboni iliyomo na mahali ilipokaa. Drooni alikuwa na karatasi ya siku za uchumba, alipoyapima manemane ya Mahadhi kwa mzaha: kaboni kumi na tano. Leo zilitoka kumi.

"Tano zimeungua," akasema.

Musembi, mwenzake wa kazi, akacheka. "Haraka yako hiyo! Kaboni yenye haidrojeni ubavuni ukiigutusha hutulia upesi. Iliyo peke yake huchelewa, na ukiigutusha tena kabla haijatulia, haijibu. Ipe muda wake."

Jambo hilohilo Hafswa alikuwa akiwafundisha wanafunzi kila mwaka. Akaiamuru mashine ingoje zaidi baada ya kila pigo, naye akakaa kitini mpaka alasiri. Zile tano zikaja, moja moja, zote.

Kisha akazilaza karatasi mbili pamoja, ya uchumba na ya leo. Mistari haikulingana. Moto haukuchukua hata kaboni moja. Ulizihamisha tu, zikashikana kwa namna nyingine, na yeye hakuwa na njia ya kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Alijua kwamba hapo ndipo pa kulia, akangoja, na kilio hakikuja.

Nyumbani alimkuta Bi Raihana mlangoni, hajala tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine imesemaje? Nimempoteza mwanangu mara ya pili?"

Hafswa akamshika yule mama mikono.

"Hakuna kilichopotea, mama. Nimehesabu. Zote zimo."

Bi Raihana akaangua kilio, akimshukuru Mungu. Akakifungua kichupa, akampaka mkaza mwanawe shingoni na viganjani mpaka mafuta yakaisha.

"Haya, nusa. Si ndiye?"

Hafswa akaivuta harufu ya mtu asiyemjua.

"Ndiye, mama," akasema, macho makavu.